Oksijeni inapita

Jumatatu niliwaambia kidato cha nne jambo lisilo kweli. Leo Alhamisi bado linanikereketa.

Tulikuwa kwenye fosforasi nyeupe: kwa nini huhifadhiwa ndani ya maji? Kwa sababu ikikutana na hewa huwaka yenyewe. Ningeishia hapo. Lakini nikataka kujionyesha, nikawasimulia vizimba vya molekuli, yaani molekuli zenye uwazi ndani unaoweza kubeba molekuli nyingine, ambavyo kundi la mwanakemia Jonathan Nitschke, kule Cambridge, lilivieleza mwaka 2009. Fosforasi ikishaingia humo, unaiacha hewani na haiwaki. "Oksijeni haipiti," nikamalizia, nikafuta ubao.

Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kama oksijeni haipiti, fosforasi ilipitaje?" Nikamwambia kengele imeshalia. Ilikuwa imelia kweli, lakini sote wawili tulijua.

Kizimba chenyewe nakipenda kwa sababu hakina msusi. Dema la samaki mtu hulikalia kutwa, jicho kwa jicho. Hiki unachanganya tu ndani ya maji chumvi ya chuma na malighafi mbili za kaboni, kinajisuka. Malighafi hizo huungana kuwa fito, na kila ufito una naitrojeni mbili kila ncha. Ayoni ya chuma hushika naitrojeni 6, yaani ncha tatu. Piga hesabu: fito 6 zina ncha 12, zinatosha pembe 4 kamili, hakuna kinachobaki. Unapata piramidi ya nyuso nne, tupu katikati. Kwenye fito kuna vikundi vya salfoneti vyenye chaji hasi, ndivyo vinavyokifanya kiyeyuke majini. Uwazi wa ndani, kinyume chake, haupatani na maji, na fosforasi vilevile haipatani na maji, basi inajibanza humo. Molekuli yake ya atomi 4 ina umbo lile lile la piramidi. Nilipoona mchoro nilicheka peke yangu ofisini.

Sasa kosa langu. Jana usiku nimerudi kusoma: kizimba hakiizuii oksijeni. Kinachokosekana ni nafasi. Fosforasi ikiungana na oksijeni lazima ivimbe, iwe kitu kikubwa kuliko chumba, na chumba hakitanuki kiasi hicho. Kwa hiyo mwako hauanzi, ingawa wahusika wote wapo. Mimi nilikuwa nimefikiria mlango muda wote.

Halafu kuna benzeni, kimiminika cha kaboni na hidrojeni. Ukiitia, inakwenda kukalia nafasi ile, fosforasi inatolewa nje, na kizimba kinabaki kizima. Huko nje ndiko inakopata nafasi ya kuungana na oksijeni.

Kesho nina kipindi cha pili na darasa lile lile. Nitaandika swali la yule binti ubaoni kabla hata ya tarehe, kisha nimwombe alisome mwenyewe.