Siku Moja Maishani Mwangu: Mchungaji Niliyekabidhiwa Chuo

Mtu akisikia mchungaji kapewa chuo, anadhani kapewa kiti cha kupumzikia. Hata watumishi wenzangu huniambia, "Wewe sasa ni bosi." Chuo chetu ni kidogo, cha kanisa, kiko mkoani Njombe, kinafundisha utabibu na uuguzi ngazi ya stashahada. Njooni mwone Jumatatu yangu.

Saa 11 alfajiri naamka. Ni Julai, nje sakitu imetanda kwenye majani. Saa 1:30 ibada fupi na wanafunzi. Waislamu tulionao hawalazimishwi, ingawa wengine huja kusikiliza nyimbo. Saa 2 nakaa na mkuu wa taaluma, tunapitia madai ya NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo kama chetu: uwiano wa wakufunzi na wanafunzi, vitabu vya maktaba, vifaa vya maabara. Mitihani ya wizara imekaribia.

Saa 4 akaingia mzee mmoja kutoka Makete, buti zimejaa udongo, mkononi risiti ya benki iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Baba Mchungaji."

Binti yake yuko mwaka wa pili wa utabibu. Anadaiwa laki sita na nusu, risiti inasomeka laki mbili. Kwa utaratibu wetu, mwenye deni haingii kwenye mtihani. Mzee akaeleza: viazi viliunguzwa na sakitu, na vilivyopona mnunuzi akavifunga lumbesa, gunia limepandishwa kichwa, bei ya gunia la kawaida. Nilimwamini kila neno. Wizi huo naujua tangu nikiwa usharikani. Ila alitaka deni lote lifutwe.

"Baba Mchungaji, ninyi ndio mnaotubatizia watoto. Leo unamfukuza mtoto kwa ajili ya hela?"

Neno lile liliniuma. Nikamjibu, "Baba, mkufunzi anayemfundisha binti yako kumzalisha mama naye ana watoto wanaosoma. Mshahara wake unatoka kwenye ada hii hii." Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa yanatutambua kama washirika katika huduma za jamii, na ni heshima kubwa, lakini bili ya maji hapa inalipwa na mzazi.

Akanyamaza. Kisha akaanza upya: viazi, sakitu, lumbesa. Akamaliza, akaanza tena. Mhasibu alichungulia mlangoni, foleni ya wazazi imeshafika kwenye ngazi. Sikumkatisha. Mtu aliyesafiri usiku kucha kwa ajili ya mwanawe anastahili kusikilizwa hadi mwisho, hata kama jibu halitabadilika.

Tukaandikiana: laki na nusu kabla ya mitihani, zinazobaki akishauza mahindi, na mdhamini ni mimi. Alisaini jina lake herufi moja moja, akaliangalia, akarudi kuweka nukta aliyoisahau. Akaomba tusali, tukasali. Alipotoka ilikuwa inakaribia saa 7.

Baada ya hapo saa sikuzifuatilia. Simu kutoka wodini hospitalini: wanafunzi wako kwenye mazoezi na glavu zimeisha. Pampu ya kisima imezimika, mabweni hayana maji. Mjumbe wa bodi anataka taarifa ya fedha leo leo. Chai ilipoa mezani, nikainywa hivyo hivyo. Jioni matroni akaniita: msichana wa mwaka wa kwanza kafiwa na mama yake. Nikakaa naye mpaka shangazi yake alipofika. Kazi ile naijua tangu zamani, na miguu ilikuwa inauma, lakini pale ndipo niliposikia kwamba sijaiacha madhabahu.

Usiku huu naandika barua kwa sharika, kuomba sadaka ya kuwasaidia wanaodaiwa ada. Kesho saa 3 wakufunzi wananisubiri kwenye kikao, wanadai mishahara ya Juni. Nimemwomba mhasibu afike saa 1 tuhesabu waliolipa.