Vijay Singh, Mwana wa Fiji Aliyepitia Afrika

Vijana wanaobeba mifuko ya fimbo katika viwanja vya Gymkhana na Lugalo hapa Dar es Salaam humtaja Tiger Woods kila gofu inapozungumzwa, nami hupenda kuwasimulia habari za Vijay Singh, kwa kuwa njia yake ilipita katika bara letu.

Alizaliwa mwaka 1963 mjini Lautoka, Fiji, na baba yake, aliyekuwa fundi wa ndege, ndiye aliyemfundisha mchezo huo. Mwaka 1985 alifungiwa kucheza mashindano ya Asia kwa tuhuma za kubadili kadi yake ya alama, tuhuma ambazo amezikana siku zote. Akaenda Borneo, kisiwa cha kusini-mashariki mwa Asia, kufundisha gofu, na huko, katika joto na unyevu ambao sisi watu wa pwani tunaufahamu vizuri, alipiga mipira ya mazoezi bila kuchoka. Kwa maoni yangu, miaka hiyo ndiyo iliyomjenga kuliko mingine yote. Mwaka 1988 alishinda mashindano ya wazi ya Nigeria.

Mataji makubwa yalifuata: PGA Championship mwaka 1998 na 2004, na Masters mwaka 2000, alipomshinda Ernie Els wa Afrika Kusini kwa mapigo matatu pungufu. Hata alipokuwa tajiri, mara nyingi alikuwa wa mwisho kuondoka kwenye uwanja wa mazoezi. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 41, alishinda mashindano tisa na kumwondoa Woods katika nafasi ya kwanza duniani. Kati ya mataji yake 34 ya PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya gofu ya kulipwa wa Marekani, 22 aliyapata baada ya kutimiza miaka 40.