Dishi la Msasani, dishi la Mbezi, na bahari katikati

Jumamosi ya kwanza

Mdogo wangu anakaa ghorofani Msasani na ana faiba ambayo mchana kutwa haina kazi. Mimi niko Mbezi Beach kwa mama, na bando langu halifiki Ijumaa. Ukipanda kwenye paa letu unaiona rasi ya Msasani ng'ambo ya ghuba, hakuna hata mnazi mmoja wa kuziba. Kwenye ramani ni kama kilometa 6. Nikampigia: tunarusha mtandao wako kwa mawimbi ya redio, dishi kwa dishi.

Hesabu nilizifanya nyuma ya risiti ya duka. Bendi ni gigahezi 5.8, na kila dishi linaongeza desibeli 23. Umbali huo peke yake unakula desibeli 123. Ukirusha kwa dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), upande wa pili utarajie -57 dBm, ambayo ni nzuri sana; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyofika na nguvu. Mawimbi ya redio pia hayapiti kama uzi; yanahitaji nafasi iliyotuna katikati kama yai refu, ile kanda ya Fresnel, na kwetu nusu ya unene wake ni karibu mita 9. Maji yako chini ya hapo, kwa hiyo njia ni safi. (Masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kuhusu bendi na nguvu ya kurusha nilisoma kabla ya kuwasha chochote. Someni na nyie.)

Jumapili

Redio ya Mbezi, kile kifaa cha kwenye dishi kinachorusha na kupokea mawimbi, inajizima na kujiwasha. Nilidhani ni mbovu. Kumbe ni waya. Muuzaji aliapa ni shaba tupu, wa nje, haogopi jua. Nikaukwangua kwa kisu: juu wekundu, ndani mweupe pe. Alumini iliyopakwa shaba! Umeme wa redio unapita humo humo kwenye waya wa mtandao, na kwa mita 35 ulikuwa unafika umechoka. Pesa hiyo sirudishiwi. Nimenunua mwingine kwingine, safari hii nimekwenda na kisu mfukoni.

Jumamosi ya pili

Kulenga. Dogo juu ya paa lake, mimi juu ya paa letu, simu zimebanwa begani. Alinimulika kwa kioo cha chumbani, nikauona mweko kule ng'ambo, nikageuza dishi. -81. "Kushoto kidogo kaka. Umepitiliza. Rudi." Robo ya zamu ya boliti inabadilisha desibeli 5. Kuna mtego hapa: ukishika mawimbi ya pembeni ya dishi unaweza kudhani umefika, kumbe kilele chenyewe bado kiko mbali. Tulizungusha dishi mpaka namba zikashuka pande zote mbili, ndipo tukarudi katikati. -58. Boliti zote ni za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya huku inakula bati upesi.

Mama akaangalia mahubiri bila kukatika. Nikajiona mhandisi.

Jumatano

Saa kumi jioni mtandao umekufa. -79. Saa moja usiku umerudi wenyewe.

Alhamisi na Ijumaa

Umekufa tena, lakini Alhamisi ilikuwa karibu saa kumi na moja, Ijumaa ikasogea tena kama dakika hamsini. Nimekaza boliti, nimebadili chaneli, nimemlaumu dogo. Naandika saa kwenye daftari na mama ananipita na beseni la nguo. "Unahangaika na nini? Maji yamefika ukutani leo. Bamvua hiyo."

Nikabaki na kalamu mkononi.

Bahari tulivu ni kioo. Sehemu ya mawimbi inakwenda moja kwa moja, nyingine inagonga maji na kuruka, ikifika imepinduliwa. Urefu wa wimbi ni sentimita 5.2. Bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, likijaa, dishi la Msasani liko mita 16 juu ya maji na letu mita 10, na njia ya kurukia inazidi kwa sentimita 5.3. Karibu wimbi zima, tena lililopinduliwa: yanauana. Maji yakipwa mita 3, tofauti inakuwa sentimita 8.2, kama wimbi moja na nusu, na hapo yanasaidiana. Maji mafu, yale ya siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, hayafiki popote pabaya, ndiyo maana siku za mwanzo palikuwa shwari.

Kuelekeza uso wa dishi juu kidogo hakusaidii. Pembe ya kurukia ni ndogo mno, haifiki hata theluthi ya digrii, dishi haliwezi kutofautisha. Na ukilihamisha, unahamisha tatizo kwenye saa nyingine ya maji.

Jumamosi ya tatu

Dishi la tatu. Nimelifunga kwenye bomba lile lile, mita 2.4 chini ya la kwanza, yote mawili yanazungumza na lile la Msasani. La juu likizimwa na bamvua, la chini linaona tofauti ya sentimita 4 tu na linapumua. Maji yakifika katikati, la chini ndilo linaloteseka na la juu liko salama. Rauta inachagua lenye hali nzuri.

Bamvua lililofuata, mwezi mpevu

Saa kumi na dakika kumi. Dishi la juu -77. La chini -56. Nilimpigia dogo kumwambia, hakupokea, alikuwa anacheza mechi mtandaoni na faiba yake.