Kushoto kwake au kwetu?

Daktari alisimama miguuni pa kitanda, mimi na Mama tukiwa ubavuni kwake, Baba amelala anatutazama. Daktari hakujua Kiswahili na Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo kila neno lilipitia kwangu. Hilo halikunitia wasiwasi. Kutafsiri ndiyo kazi yangu. Akaeleza kwamba kiharusi kimeathiri ubongo, na kwamba udhaifu uko "left". Nikamgeukia Mama: "Anasema ni upande wa kushoto."

Mama akainua mkono wake mwenyewe wa kushoto, akautazama, kisha akamtazama Baba waliyeelekeana uso kwa uso.

"Kushoto kwake au kwetu?"

Nikakosa jibu. Miaka yote nimelitafsiri neno lile bila kujiuliza ni kushoto kwa nani. Nikamfikishia daktari swali, naye akajibu mara moja kwamba kwao wao kushoto ni kwa mgonjwa siku zote, hata daktari asimame wapi. Nilikuja kutambua kwamba mabaharia wa Kiingereza walikuwa wamelitatua jambo hilo zamani kwa njia hiyohiyo: pande zao ni pande za chombo, si za mtu. Upande wa kulia waliuita "starboard", yaani ubavu wa kasia la usukani, na wa kushoto "larboard", mpaka maneno hayo mawili yanayofanana mno yakawa hatari kuyapigia kelele katikati ya upepo. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru la pili liachwe na liitwe "port". Baharia ageuke atakavyo, "port" haisogei.

"Kwake," nikamwambia Mama.

Akazunguka kitanda, akaushika ule mkono. "Baba watoto, unanisikia?"

Baba akageuza shingo kulia, akatafuta ukutani, akanirudia mimi. "Mama yako yuko wapi? Namsikia, simwoni."

Mama alikuwa amemshika mkono.

Nilidhani macho yameharibika. Daktari akasema hapana, macho ni mazima. Ubongo wa kulia ndio unaoendesha nusu ya kushoto ya mwili, na ndio hasa unaomjulisha mtu kwamba upande huo upo. Ulipoumia, upande wa kushoto ulimtoka Baba, naye hajui kwamba umemtoka. Usemi haukuguswa, kwa kuwa kwa watu wengi lugha imekaa ubongo wa kushoto. Basi nikawa na baba anayezungumza vizuri kabisa, mwenye nusu ya dunia.

Jioni akaletewa chakula. Alikula taratibu, akaweka kijiko chini, akasema hajashiba. Nilichungulia sahani. Nusu ya kulia ilikuwa nyeupe, imefutwa safi. Nusu ya kushoto chakula kilikuwa bado kimesimama, na kati ya nusu hizo mbili palikuwa na ukingo ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu. Nikaizungusha sahani bila kusema kitu. Uso wake ukachangamka. "Ahsante mwanangu, umeniongezea."

Nilitoka nje ya wodi, nikaegemea ukuta mpaka nilipoweza kurudi.

Kesho yake muuguzi alimpa karatasi achore saa. Baba alichora duara zuri, kisha namba zote kumi na mbili akazisukumiza upande wa kulia, zimebanana. Akairudisha karatasi kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake. Nikamuuliza, "Baba, kushoto ni wapi?" Akajibu, "Kushoto si huku," akauinua mkono wa kulia kuonyesha, ukavuka kidogo, ukasimama katikati ya kifua kama uliofika mwisho wa njia. Kisha akashuka kwa macho mpaka kwenye vidole vyake vya kushoto nilivyokuwa nimemwekea juu ya shuka, akaniuliza kwa sauti ya chini mkono ule ni wa nani.

Usiku ule nililala kwenye kiti, au tuseme sikulala. Nikafungua kamusi ya asili ya maneno kwenye simu na kulitafuta "left". Siku zote nilikuwa nikijiambia, bila kuhakikisha, kwamba ni lilelile "left" la kuachwa na kubaki: mkono wa kulia hutangulia, wa kushoto ndio uliobaki. Sivyo. Ni maneno mawili yenye mizizi tofauti yaliyokutana katika tahajia moja. Hili la upande lilianza na neno la Kiingereza cha Kale, "lyft", maana yake dhaifu, kisichofaa kitu. Chini yake pakawa na neno lililoungwa kutokana nalo, "lyftadl": ugonjwa wa udhaifu. Kupooza.

Nililisoma mara tatu. Waingereza wa miaka elfu moja nyuma waliuita ugonjwa wa baba yangu kwa neno ambalo kesho yake tu nitasikia tena likitamkwa kando ya kitanda chake, nami nitalitafsiri kama kawaida. Niliona hasira, hasira ya kweli, juu ya neno.

Nikaendelea kutafuta, nadhani ili nipate lugha moja ambayo haikuuonea mkono ule. "Sinister" ya Kilatini ilikuwa kushoto tu, ikaishia kuwa shari. "Gauche" ya Kifaransa ni kushoto na ni mtu asiye na ustadi. Kihispania kinasema "izquierda", neno lenye asili moja na "ezker" ya Kibaski. Mtu anatembea na mkono wake tangu kuzaliwa, halafu jina lake analifuata kwa jirani! Yako maelezo kwamba walikuwa wakilikimbia jina la zamani kwa nuksi yake. Na kwetu je? Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, hakuna fumbo. Wazee huuita wa kuume, na mwenzake wanauita mkono wa kike. Mama mwenyewe ndivyo anavyosema, na mchana ule alikuwa ameukanda ule mkono wa kike wa Baba, kidole kwa kidole, kwa saa nzima.

Kisha nikalipata nililokuwa nikilitafuta, na ajabu ni kwamba lilikuwa Kiingereza. Kabla "left" haijashika nafasi hiyo, mnamo karne ya 13, Waingereza walikuwa na neno jingine la kushoto: "winestra". Ndani yake mna "wine", yaani rafiki. Upande wenye urafiki zaidi. Waswidi wanalo ndugu yake hadi leo, "vänster". Wagiriki wa kale nao waliuita "aristeros", kwa neno lililotoka katika "bora kuliko yote". Wanaisimu wanaziita hizo tafsida: watu waliuogopa upande huo, wakaubembeleza kwa jina jema. Inawezekana. Mimi usiku ule sikujali sababu. Niliinama nikamwambia Baba sikioni, upande asiouona, "winestra", naye alikuwa usingizini.

Siku zilizofuata mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitukataza kumfuata Baba kwenye upande anaouona. Tukae ule uliopotea, tumwite kutoka huko, na tumpe alama moja ya kuitafuta kabla ya jambo lolote, kula, kusoma au kusalimia. Mama alitazama chumba, akachagua dirisha. Tangu hapo aliacha kabisa kusema kushoto. "Analisikia hilo neno lakini halimpeleki popote," aliniambia. "Dirisha atalikuta." Nikawakumbuka Waguugu Yimithirr, wenyeji wa kaskazini mwa Queensland huko Australia, ambao kwa kawaida hawasemi kushoto wala kulia. Hata kikombe kilicho mbele yao watakwambia kiko kaskazini au mashariki ya kingine. Mama hajapata kuwasikia.

Wiki ya tatu, asubuhi, niliingia nikiwa nimechelewa, nikaketi kwenye kiti cha kushoto. Baba alikuwa anatazama ukuta wa upande wa pili. Mama akasema, "Baba watoto, tafuta dirisha."

Kichwa kikaanza kugeuka. Kilifika katikati, pale mkono wake ulipokuwa umekwama siku ile, kikasimama. Mama hakurudia. Kikasogea tena, kidogo, kidogo, mpaka mwanga wa dirisha ukamwangukia usoni akafinya macho. Yakashuka kutoka kwenye kioo, yakanikuta.

"Kumbe upo," akasema. "Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, Baba. Shikamoo."

"Marahaba."