Masomo ya watu wazima Uganda: anzia kwa mwenyekiti wa LC1, si chuoni

Wengi wetu tuliovukia Busia, Malaba, Mutukula au Bunagana kuja kutafuta maisha Uganda, tukitaka kujifunza kitu tunakimbilia chuo. Tunalipa ada ya muhula mzima kusomea ushonaji au hesabu za biashara, na huku gombolola (kaunti ndogo) ile ile ina vikundi vya masomo ya watu wazima visivyotoza ada. Havitangazwi kwa mabango. Habari zake hupitia mikutano ya kijiji, na asiyejulikana kijijini hazimfikii.

Ndiyo maana mlango ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwendee jioni au Jumapili, maana mchana wengi wako kwenye shughuli zao. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti (mkimbizi abebe kadi iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu), picha ndogo mbili na jina la mwenye nyumba wako. Omba barua ya utambulisho inayotaja makazi yako. Pesa ya muhuri iulize kabla barua haijaandikwa. Hutofautiana kijiji hadi kijiji, na ukinyamaza utakadiriwa kwa lafudhi yako.

Na barua hiyo nenda gombolola, au ofisi ya divisheni ukiwa Kampala (Central, Kawempe, Makindye, Nakawa au Rubaga), umtafute Afisa Maendeleo ya Jamii. Kila mtu humwita CDO. Usimuulize kama kuna kozi. Muulize vikundi gani viko hai kwenye muluka wako (eneo la vijiji kadhaa ndani ya gombolola), vinakutana siku gani, na mwalimu ni nani. Sisitiza "viko hai", kwa sababu orodha za ofisini hubeba pia vikundi vilivyokufa zamani.

Mpango wa awali wa serikali wa masomo haya, FAL (Functional Adult Literacy), ulianza mwaka 1992 na ulilenga zaidi kusoma, kuandika na hesabu. Uliofuata ni ICOLEW (Integrated Community Learning for Wealth Creation), chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambao ulijaribiwa katika wilaya kama Mpigi, Iganga, Namayingo na Nwoya. Huu unachanganya kisomo, stadi za kazi, biashara na akiba katika kundi moja. Kwa maoni yetu ndio ulio bora, kwa vile mtu mzima hadumu darasani kwa ajili ya herufi tupu. Haujafika kila mahali.

Somo la herufi hufundishwa kwa lugha ya wenyeji: Luganda huku Mpigi, Kiacholi huko Nwoya. Usitegemee Kiswahili. Kama tayari unajua kusoma, omba kuanzia kwenye stadi au akiba, la sivyo utachoka wiki ya pili.

Kwenye akiba ndiko mgeni hupata faida ya haraka, na ndiko mambo huharibika. Kikundi cha watu 15 hadi 30 hununua hisa, kila mtu moja hadi tano kwa mkutano. Hisa ikiwa shilingi 2,000, mwenye uwezo huweka 10,000. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao si watunza sanduku. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako, na mwisho wa mzunguko, miezi 9 hadi 12, kila kitu hugawanywa. Vikundi huvunjika pale bei ya hisa inapopangwa na wenye nacho: maskini hukosa mikutano, kisha hukopa nje ili alipe ndani. Bei iamuliwe na anayepata kidogo kuliko wote. Ukiona sanduku linafunguliwa bila kikao, ondoka mapema.

Usichanganye haya na fedha za Parish Development Model, mpango wa serikali wa kuinua kipato kwenye miluka, zile shilingi milioni moja zinazokopeshwa kwa riba ya 6% kwa mwaka. Hizo ni za raia wa Uganda. Anayekuahidi kukuingizia jina kwa malipo anakula pesa yako tu.

Fundi aliyejifunzia kazini, awe mshonaji, mekanika au msusi, aulize pia kuhusu Worker's PAS. Ni kijitabu kinachoorodhesha kazi ulizopimwa kwa vitendo ukafaulu, bila kuulizwa cheti cha shule. Na mwenye uga mdogo Kampala aende kituo cha kilimo cha KCCA (mamlaka ya jiji) kilichoko Kyanja. Huko huonyeshwa mboga za kwenye magunia, kuku na samaki.

Kuhusu wakati: kusini mwa nchi madarasa hupwaya Machi na Aprili, kisha tena Septemba, watu wakiwa shambani. Ingia Januari au Juni, mwalimu akiwa na nafasi ya kukusikiliza.