Tafakari ya Juma: Mchukuliane Mizigo, Kuanzia Jerikani la Maji

Wapendwa katika Bwana, "Mchukuliane mizigo," Paulo aliwaandikia Wagalatia (6:2). Andiko hili tunalihubiri sana kwa ajili ya wagonjwa na wafiwa, na tunafanya vema. Juma hili tuliingize jikoni na chumbani. Katiba yetu ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Itakuwa aibu nyumba ya waamini ikibaki nyuma ya sheria.

Wanandoa wengi hugombania kazi ambazo hawajawahi kuzihesabu. Jioni moja, watoto wakishalala, kila mmoja achukue karatasi yake aandike kazi zote za nyumba, tangu wa kwanza anapoamka hadi wa mwisho anapozima taa. Msionyeshane kabla ya kumaliza. Andikeni pia zile zisizoonekana: nani anakumbuka kwamba sare ya mtoto haijafuliwa, kwamba makaa yamebaki ya siku moja, kwamba mdogo anatakiwa kliniki kuchanjwa. Hapo ndipo karatasi mbili hupishana sana.

Kisha tazameni uzito. Jerikani la lita 20 likijaa ni kilo 20. Nyumba ya watu sita ikitumia matano kwa siku, mtu amebeba kilo 100 toka bombani, na kwenye karatasi pameandikwa "maji" tu. Matoke vivyo hivyo: kumenya, kufunga kwenye majani ya mgomba, kuyavukisha, kuyaponda, kuyarudisha motoni huku moto ukichungwa usizime. Aliyeshinda juu ya bodaboda tangu alfajiri naye amechoka kwelikweli, asidharauliwe. Kwa hiyo kipimo chetu ni pumziko. Mmoja akikaa chini saa moja jioni na mwenzake saa nne usiku, mzigo umelalia upande mmoja, hata kama fedha zote zinaletwa na yule wa saa moja.

Kazi ikikabidhiwa, ikabidhiwe nzima. Mume aliyechukua maji ndiye wa kuangalia majerikani asubuhi, kutenga pesa ya bomba, na kuyasugua ndani yasiote ukungu wa kijani. Akingoja aambiwe "maji yameisha", mke bado anaibeba kazi ile kichwani. Mke naye asisimame nyuma yake akisahihisha kila kitu. Maharagwe yaliyolowekwa na baba usiku huiva upesi na kuokoa makaa. Sufuria aliyochagua isiwe kesi.

Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu. Mama mkwe akimkuta mwanawe anafua nepi, lawama itamwendea mke. Mume ajibu mwenyewe, kwa heshima: "Mama, hii ni kazi yangu."

Sasa upendo wenyewe. "Mume na ampe mkewe haki yake, na vivyo hivyo mke na ampe mumewe haki yake" (1 Wakorintho 7:3). Wapo wanaokariri nusu ya mstari, ile inayowafaa. Na mstari wa tano unataka mpatane, yaani mzungumze. Aliyelima asubuhi, akapika, akambembeleza mtoto hadi saa tano usiku, mwili umekwisha. Kumnunia ni kumdhulumu. Tena, mtu anayeguswa tu pale anapohitajiwa kitandani huanza kukwepa hata mkono wa begani. Mguseni mwenzenu bila kudai kitu: mshikane mikono mkisali, mkandane mabega baada ya jembe, mwamkiane mkitazamana usoni. Hili liwe la wote wawili, maana wapo waume waliokaa miaka bila kuambiwa neno jema.

Kila Jumapili baada ya ibada, tengeni dakika 20, mzitoe zile karatasi. Kila mmoja ataje kazi moja iliyomwelemea wiki hiyo, mbadilishane au mmpe mtoto mkubwa anayeiweza, wa kiume au wa kike. Mkianza kupandishiana sauti, zifungeni karatasi, msali, mrudie Jumanne.