Riwaya ya dagaa

Miaka miwili nimekula kwa kuuza simulizi za mapenzi WhatsApp, sehemu moja shilingi 500. Zinauzika, na ndizo zimenilipia kodi ya chumba hapa Mwanga, Kigoma. Ila nilikuwa naandika huku nikichungulia wenzangu wanauza nini. Wiki hii majini, wiki ijayo tajiri kampenda dada wa kazi. Siku moja nikarudia sehemu ya 47 ya hadithi yangu, nikashindwa kukumbuka mhusika mkuu ni mtoto wa nani. Iliniuma jamani.

Alfajiri nikashuka Kibirizi, mwaloni Ziwa Tanganyika. Mitumbwi inarudi, taa zinazimwa moja moja ziwani, akina mama wanapokea dagaa kwa ndoo. Mama mmoja alikuwa anawatandaza bila hata kuwaangalia, vidole vinachambua vyenyewe, mikono inang'aa magamba mpaka kwenye viwiko. Mama yangu alikuwa vilevile. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikono kama ile.

Riwaya ya mikono ile ndiyo ninayoiandika sasa, kwa kalamu, kwenye daftari. Nimefika ukurasa wa 63. Mchapaji kaniambia hadithi za wavuvi hazitoki, nitangulize hela ya nakala zote. Nitazichanga. Simulizi za simu nimeziachia Jumamosi, maana tumbo halisubiri.

Jana nimeandika mbalamwezi, zile siku taa hazivuti dagaa, nyumbani ni ugali wa muhogo na kisamvu, na mama kakaa mlangoni anausubiri mwezi upungue.